Baada ya Wimbo wa Mwisho

Nerima, Tokyo
9 Aprili 1997

Chizu, mvivu wa kuandika,

Kanda imefika? Nimeifunga kwa gazeti la michezo kwa sababu karatasi nyingine zote chumbani kwangu zimechorwa. Ukikuta picha za wapiga mieleka, usidhani nimebadilisha mapenzi yangu.

Najua stesheni zenu za Tottori hazitaki kuonyesha katuni yetu. Nasikia saa ileile huko kwenu kuna kipindi cha kuvua ngisi. Basi mshukuru mwenye nyumba wangu, Bi. Nagasaku. Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni mimi niko studio nimeinamia meza, kwa hiyo yeye ndiye anayekaa mbele ya televisheni, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, mgongo umenyooka, hataki kusemeshwa. Anasema hajaelewa hata sehemu moja, na hajakosa hata moja.

Sasa sikiliza vita vya wiki hii. Wadhamini wetu, wale wa kampuni ya vitu vya kuchezea, walikuja na mikoba yao wakakaa mstari mmoja. Wakasema katuni ya wasichana wawili waendesha lifti katika duka kuu lisilo na mwisho ni nzuri sana, inapendeza sana, inagusa sana. Ila mvulana yuko wapi? Nani atamwokoa Hibari? Towa hawezi, Towa ni msichana.

Mwongozaji wetu, Bwana Otsubo, aliwasikiliza huku anatafuna mkate wake wa bizari. Unamkumbuka, ndiye yule niliyekuambia analala chini ya meza na viatu amevaa. Akasema, "Sawa. Mvulana mtapata." Sote tukamkodolea macho. Walipotoka tu akatugeukia: "Nichoreeni sanamu ya dirishani, ile ya kuvalishwa nguo. Mbele mzuri wa kuua. Nyuma mtupu, pini za kubania suti tu." Kwa hiyo wiki ijayo utamwona Mwana wa Mfalme wa Ghorofa ya Kumi. Ombi langu ni moja, subiri ageuke.

Wadhamini wamefurahi mno. Wanatengeneza mwanasesere wake.

Mapeasi ya shamba lenu yameshachanua? Huku nachora mawingu kutwa na sijatazama hata wingu moja la kweli tangu mwaka mpya.

Wako,
Mutsumi


Togo, Tottori
21 Aprili 1997

Mutsu,

Mvivu ni mama yako. Mimi niko juu ya ngazi tangu alfajiri, natembea ua kwa ua na kijiti chenye manyoya, napaka chavua. Umesahau kazi hii? Mapeasi yetu yana maringo, hayazai na jamaa zao, lazima yaletewe chavua ya shamba jingine. Kwa hiyo kila mwaka wiki hii mimi ni mshenga wa maua. Shingo imekufa ganzi.

Kanda tumeitazama. Nasema tumeitazama, kwa sababu Mama amejiunga. Alianza kwa kupita tu sebuleni na kikapu cha nguo. Siku ya pili akakaa pembeni, kikapu mapajani. Sasa ananiuliza wakati wa kula, "Hivi yule meneja ambaye ni mwavuli, anaoga vipi?" Mwanaume aliyegeuka na pini mgongoni alimfanya Mama apige meza. Akasema amemjua, alisoma naye.

Mwambie Bi. Nagasaku ana mkono mwepesi kweli. Matangazo yote amekata, hakuna hata moja lililopenya. Hata wimbo wa mwisho anakata, ukianza tu, kap, inaingia sehemu nyingine. Ndiyo maana mpaka leo sijawahi kuona jina lako likipita kwenye orodha ya wachoraji. Wenzio hapa wananiuliza kama kweli unafanya kazi huko au umeajiriwa baa.

Na ile lifti naijua, bibi wee. Ni ile ya Osaka, safari ya shule, tulipopanda na kushuka alasiri nzima kwa sababu nilitaka kuona dada wa lifti anavyonyoosha mkono wenye glovu: "Tunapanda." Tukafukuzwa na mlinzi. Mwalimu Yura akatufanya tuandike barua ya kuomba radhi. Umefikiri sitaitambua?

Sasa kosa lako. Sehemu ya ghorofa ya nne, wanakouzwa wake ndani ya vioo, na mzee anapita jioni akiwabandika stika ya nusu bei wale waliofika ishirini na tano, kama wanavyofanya kwenye masanduku ya chakula duka likikaribia kufungwa. Mama alicheka mpaka machozi. Halafu akanitazama, mimi wa ishirini na nane. Kesho yake akampigia simu Bi. Sakane, mshenga wa kijiji kizima. Ninyi mmechora ili watu waone aibu. Mama yangu ameona ratiba.

Nimeshaonana na mtu mara moja. Anaitwa Bwana Adachi, wa chama cha ushirika, anasimamia mashine inayopima utamu wa mapeasi bila kuyakata. Alizungumza juu ya mashine hiyo mpaka chai ikapoa. Si mtu mbaya.

Chizuru


Nerima
6 Mei 1997

Chizu,

Mashine ya kupima utamu! Mwambie akupitishe wewe kwanza, tuone taa gani itawaka. Naionea huruma mashine.

Haya, hongera ya kuonana. Ni jambo jema. Watu wenye kazi za ushirika ni watu wa uhakika, wana bima na likizo, na hawalali chini ya meza. Nakwambia kwa moyo mweupe kabisa. Alivaa nini? Ana urefu gani? Ulicheka? Usinijibu, nina kazi.

Kuhusu wimbo wa mwisho, Bi. Nagasaku anasema kanda ni ghali na wimbo ni uleule kila wiki, kwa nini aurekodi mara ishirini na sita. Na wimbo wenyewe, mwimbaji alikuwa na mafua.

Ndiyo, ni lifti ya Osaka. Nilimsimulia Bwana Otsubo wakati tukisubiri rangi zikauke. Wiki iliyofuata akaja na duka zima kichwani. Sheria ya duka uliielewa? Hibari akipanda, Towa anashuka. Hawaruhusiwi kuwa ghorofa moja kwa wakati mmoja. Wanakutana kwenye vioo tu, wakipishana, na kazi yangu mimi ni hapo. Wenzangu wanachora mvua ya samaki na ghorofa ya mama wakwe wanaouzwa kwa kilo. Mimi nachora mikono miwili yenye glovu inayopungiana kwa sekunde moja. Nimeichora mara nyingi kiasi kwamba nikipokea chenji dukani naona haya.

Watazamaji wanatuandikia. Nesi mmoja wa Sendai ameandika kwamba tangu aanze kutazama amemwambia daktari mkuu achukue chai yake mwenyewe. Msichana mmoja wa Kagoshima ameandika mstari mmoja tu: "Nilidhani niko peke yangu." Bwana Otsubo ameubandika ukutani juu ya mashine ya kahawa. Kila anayekwenda kunywa kahawa anarudi ameukunja uso, anachora vizuri zaidi.

Umecheka naye? Nimekuuliza bure, usinijibu.

Mutsumi


Togo
3 Juni 1997

Mutsu,

Niko kwenye mifuko. Kila peasi changa linavalishwa mfuko wake wa karatasi, moja moja, kwa mkono, lisichomwe na jua. Mama anafunga mifuko mitatu wakati mimi nafunga mmoja na anahakikisha nimeona. Baba anashika ngazi na kutoa maoni ya siasa.

Kanda mpya imetuua. Towa alipokiri kwa ngamia wa ghorofa ya vitanda kwamba hajawahi kumwona Hibari miguu, kwa sababu kioo kinaanzia kiunoni, Mama alisema "Masikini!" kwa sauti. Halafu akasema, "Lakini hao watoto wawili, si wanapendana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona basi hakuna anayewasaidia?" Akaenda kuosha vyombo. Nimekaa pale na sauti ya maji, Mutsu, nikawa sijui nicheke au nifanye nini.

Sasa naandika kitu kingine, na nakuomba usome hapa bila kuruka.

Tumeonana na Bwana Adachi mara tatu. Wewe umetoka huku, unajua maana yake. Ukifika mara ya tatu humrudishi mtu bila sababu, na mshenga hatembei tena kwa ajili yako. Bi. Sakane anataka jibu nyumbani kwake mwanzoni mwa Julai. Ni mtu mpole. Anasikiliza. Alinishikia mwavuli upande wangu, mvua ikawa inampiga yeye. Nikijiuliza kwa nini nisikubali, napata sababu moja tu, na sababu hiyo siwezi kumpelekea Bi. Sakane.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nikiolewa, utafurahi?

Usiniletee mzaha. Mizaha yako naijua yote, najua unaitoa wapi. Nakuuliza mara moja tu. Simu usipige, simu yetu iko koridoni na Baba husikia vizuri anapotaka.

Chizuru


Nerima
15 Juni 1997

Chizu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikiandika sentensi inatoka kichekesho, nafuta, inatoka kichekesho kingine. Mkono wangu umezoea kuchora. Mtu akitaka nilie, ananipa penseli.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimekwenda kwa Bwana Otsubo nikamwomba sehemu ya mwisho, kile kipande cha kufungia, nikichore mimi peke yangu, kila karatasi, asiguse mtu. Akaniuliza, "Ni kwa ajili ya mtu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usichore vizuri sana. Chora kweli."

Itaonyeshwa Jumatano ya mwisho ya mwezi huu. Bi. Nagasaku atarekodi, na kesho yake asubuhi nitaipeleka posta mwenyewe. Itafika kabla hujaenda kwa Bi. Sakane.

Jibu langu liko mle. Ni jibu zima, sijaficha kitu. Tazama mpaka mwisho, Chizu. Ukishatazama utajua nilichotaka kusema tangu tukiwa na sare za shule, na hutanilaumu kwamba sikusema.

Siku hizi nalala chini ya meza pia. Si mbaya.

Mutsumi


Togo
6 Julai 1997

Kwa Bi. Hatae Mutsumi,

Mvua za mwanzo wa kiangazi zinaelekea kuisha na joto linaongezeka kila siku. Natumaini u mzima wa afya.

Kanda ya mwisho imefika salama. Nimeitazama mpaka mwisho kama ulivyoniagiza. Nimeelewa. Kazi yako ni nzuri sana, hasa pale kamba ya lifti inapokatika na mlango unapofungwa na Towa anabaki na glovu moja mkononi. Nakushukuru kwa kunijibu kwa uwazi na kwa heshima.

Nimepeleka jibu kwa Bi. Sakane. Zawadi za posa zitaletwa nyumbani kwetu tarehe 27 mwezi huu, ambayo kwenye kalenda ni siku njema.

Joto lisikuchoshe. Kula vizuri.

Ubukata Chizuru


Nerima
11 Julai 1997

Kwa Bi. Ubukata Chizuru,

Nimepokea barua yako. Huku pia joto limeanza, nyenje wanapiga kelele kwenye uwanja wa hekalu nyuma ya studio.

Nakupongeza kwa dhati. Nafurahi kwamba uliitazama na ukaelewa, na kwamba ukiwa umeelewa ulichagua lililo jema kwako. Sitakusumbua tena na mambo hayo. Bwana Adachi ana bahati.

Nimeambatisha taulo mbili. Si kitu, ni za kufutia jasho shambani.

Hatae Mutsumi


Togo
17 Julai 1997

Mutsumi,

Asante kwa taulo. Nilikuwa nimeapa kwamba hii ya shukrani nitaiandika kwa adabu, mistari minne, basi. Lakini Mama amekaa hapa mbele yangu anamenya maharage na anataka nikuandikie maneno yake, na asipoona nimeyaandika hanipi chakula. Kwa hiyo haya ni maneno yake, si yangu.

Anasema: "Mwambie shoga yako wa Tokyo kwamba amenikosea. Nimekaa na wale watoto tangu majira ya baridi. Nimevumilia mwavuli, nimevumilia ngamia. Halafu lifti inakatika, mtoto anaanguka gizani, mlango unafungwa, tup, kanda imekwisha? Mwenzake amesimama tu na glovu? Na duka la ukubwa ule, ghorofa zote zile, linakosaje ngazi? Zimamoto wangekubali? Mwambie nasema lazima kuna ngazi. Yule mtoto wa glovu ashuke ngazi akamtafute mwenzake. Wamemaliza vibaya na hawana haya."

Nimemwambia ni sanaa. Amesema sanaa nayo ishuke ngazi.

Nisamehe. Amelala vibaya tangu kanda ile, na mimi pia.

Chizuru


BARUA YA HARAKA
Nerima
19 Julai 1997

Chizu! Chizu! Mbusu mama yako! Mbusu mara mbili, nitalipa!

Ngazi zipo!

Zipo, nimezichora mimi, kila kipandio! Ziko baada ya wimbo wa mwisho! Wadhamini walipoletewa sehemu ya mwisho kuikagua, Bwana Otsubo alijua tabia yao, wimbo ukianza tu wanainuka, wanachukua mikoba, wanainama, wanakwenda kula. Ndiyo maana tuliweka kipande chote pale, nyuma ya wimbo, wasikione. Hawakukiona. Nchi nzima ilikiona Jumatano ile, isipokuwa wao na wewe!

Uliniambia mwezi wa nne kwamba Bi. Nagasaku anakata wimbo. Nikacheka. Nikakujibu habari za mafua. Miezi miwili baadaye nikaweka moyo wangu wote mahali ambapo nilijua kabisa, kwa maandishi, hutapaona. Hakuna mchoraji mwingine katika nchi hii mwenye ujinga wa kiwango hiki.

Nilikimbia nyumbani na barua yako mkononi. Bi. Nagasaku alikuwa anamwagilia mti wa mlangoni. Nikamuuliza, ile Jumatano, wimbo ulipoanza ulifanya nini? Akasema, "Nilizima, kama siku zote. Nikaenda kuangalia wali." Nilipomweleza aliacha bomba likamwagikia viatu vyake. Akasema, "Kwa hiyo hakufa?" Halafu akakaa chini pale kibarazani akalia, mwanamke ambaye hajaelewa hata sehemu moja!

Nakuambatishia michoro yangu ya penseli ya kipande kile. Lakini sitaki uitegemee. Nimejifunza. Kwa hiyo naandika kwa maneno, usicheke mwandiko.

Wimbo unaisha. Towa bado amesimama pale. Anavua glovu iliyobaki. Anazunguka nyuma ya lifti, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kwenda, na kuna mlango mdogo wa kijivu, na nyuma yake ngazi za kawaida, zenye vumbi. Anashuka. Anapita ghorofa ya wake na vioo viko wazi, hamna mtu. Anapita ghorofa ya mama wakwe, wamekaa wanacheza karata. Chini kabisa Hibari amekaa kwenye kipandio cha mwisho, goti limechubuka, na kwa mara ya kwanza Towa anamwona miguu. Wanashikana mikono, mitupu. Hibari anauliza, "Tunakwenda ghorofa ya ngapi?" Towa anasema, "Nje." Wanafungua mlango na ni barabara tu, mchana, mtu anapita na baiskeli.

Ndilo jibu. Na kama hata hili linaweza kukatwa na mtu, naandika tena.

Ukiolewa, sitafurahi. Nitakuja na taulo na tabasamu na nitakaa mstari wa nyuma na sitafurahi hata kidogo, si siku hiyo, si mwaka huo. Nakupenda. Wewe ni rafiki yangu, na juu ya hapo nakupenda, kama watu wanavyopendana wakataka kuamka nyumba moja. Kule Osaka wewe ulikuwa unatazama mkono wa dada wa lifti. Mimi nilikuwa nakutazama wewe.

Najua zawadi za posa ni tarehe 27. Najua Bwana Adachi alikushikia mwavuli. Sikuombi chochote. Uliniuliza nami nimejibu, kwa kuchelewa na kwa ujinga, lakini nimejibu.

Mutsumi


Togo
24 Julai 1997

Mutsu,

Barua yako ililetwa shambani. Mtu wa posta alipiga kelele "Ya haraka!" na kila mtu akajua kuna aliyekufa. Niliisoma juu ya ngazi. Mama akasimama chini, mkono kifuani: "Nani? Nani?" Nikasema, "Mama, ngazi zipo."

Akapiga ukelele uliofika kwa jirani: "Nilisema mimi! Si nilisema?"

Sasa twende taratibu, maana si yote yaliyokuwa ya kuchekesha.

Nilianza na Bwana Adachi, kabla ya mshenga, kabla ya nyumbani, kwa sababu yeye hajanikosea kitu. Nilimkuta kwenye mashine yake, hata msimu haujaanza, anaifuta vumbi. Nikamwambia siwezi, na kwamba yupo mtu, na kwamba alikuwepo siku zote. Nilimwomba radhi mpaka kichwa kikafika magotini. Alikaa juu ya kreti. Akashusha pumzi ndefu. Akasema mama yake ndiye aliyetaka, yeye alikuwa anaona haya kukataa kwa sababu mimi nilisikiliza habari za mashine mpaka mwisho na hakuna mwingine aliyewahi. Tukacheka, Mutsu, sote wawili, tumekaa juu ya makreti. Akaniahidi atamwambia Bi. Sakane kwamba ni yeye aliyejitoa. Nikakataa. Nikasema nitasema mwenyewe, safari hii kila mtu aseme lake.

Bi. Sakane amekasirika na ana haki. Hanisalimu. Kwenye ushirika wananong'ona nikipita. Watanong'ona mpaka mavuno, halafu watachoka.

Mama nilimwambia jana, tukikunja mifuko. Nilisema, "Mama, ninayempenda ni Mutsumi. Si kwa mzaha." Akaendelea kukunja. Akakunja rundo zima. Nikafikiri sasa atainuka aende kuosha vyombo. Akasema, "Huyo hawezi hata kubeba ndoo." Nikasema najua. Akasema, "Mwembamba vile, na anakula mkate tu huko." Nikasema najua, Mama. Akakunja mwingine. Akasema, "Mimi nilisema mtoto ashuke ngazi akamtafute mwenzake. Sasa nitasemaje wewe usishuke?" Na akalia kidogo, na mimi nikalia, na mifuko ikalowa, akanigombeza kwa ajili ya mifuko.

Leo asubuhi alisukuma vyombo kwa kishindo na hakunisemesha. Nadhani atakuwa hivyo kwa muda, siku moja sawa, siku moja vishindo. Baba ameshusha gazeti, ameuliza kama wewe bado unaogopa nyuki, amelipandisha tena.

Na mimi nilikaa na kanda ile juma zima nikiamini umenifungia mlango. Sikujua kama mtu anaweza kuvalisha mapeasi mifuko kutwa nzima bila kuona peasi hata moja. Nilikubali posa kwa sababu sikutaka tena kusubiri kitu. Nakwambia hili ili ujue lilikuwa na uzito gani, usije ukalifanya kichekesho cha kusimulia studio. Baadaye tutalicheka. Bado.

Uliniambia kwa maneno, kwa hiyo nami. Nakupenda, mjinga wewe. Kule Osaka nilikupandisha na kukushusha alasiri nzima kwa sababu lifti ilikuwa imejaa watu na tulikuwa tumebanana. Mkono wa yule dada niliutazama ili nisikutazame wewe. Kumbe kila mmoja alikuwa anaangalia pembeni kwa adabu, miaka yote hii.

Katuni imekwisha. Bwana Otsubo hawezi kukuzuia. Mavuno yanaanza mwisho wa Agosti na tuna upungufu wa mikono, hiyo ndiyo sababu Mama atakayowaambia majirani, na ni sababu ya kweli. Baada ya mavuno tutajua mimi nakuja huko au wewe unabaki hapa, au tunagawana mwaka. Hatujui. Vizuri.

Barua hii usiijibu. Usichore, usirekodi, usimtume mtu. Kuna treni ya kulala inayotoka Tokyo jioni na kufika hapa watu wakinywa chai. Nitakuwa stesheni. Ukishuka, uniambie maneno yaleyale uliyoandika, kwa mdomo, mbele ya mkata tiketi, na nitakutazama usoni mpaka umalize.

Chizuru